Nazi ya Daku

Wanangu mnaopika majumbani na kuuza kwa simu, kuna neno moja nataka mnisaidie kulifukuza mjini. Neno lenyewe ni "tu". Nimekagua majiko ya Unguja maisha yangu yote ya kazi, kuanzia vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Ng'ambo na mashamba, na kila nilipobisha hodi na kujitambulisha nilijibiwa hivyo hivyo: "Bi Afya, sisi tunapika nyumbani tu." Kana kwamba vijidudu navyo vinauliza kwanza hapa ni hotelini au ni kwa mtu.

Bi Afya ndilo jina langu mjini. Wazazi wangu walinipa jina zuri sana lakini mbele ya hili halikufua dafu. Nimeitwa Bi Afya sokoni, harusini, hata matangani, na watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakiniona tu wanaficha mikono nyuma, wakidhani nitakagua kucha. Na kweli nilikuwa nakagua.

Sasa nimestaafu, na kila mjukuu wangu akinionyesha simu yake naona keki, vileja, biriani ya Ijumaa, urojo unaoletwa mpaka mlangoni kwa bodaboda. Nafurahi mpaka najisahau, chai yangu inapoa. Zamani msichana aliyejua kupika alisifiwa siku ya shughuli, akapewa sahani ya kuondokea, yakaisha. Leo anafungua biashara jikoni kwa mama yake, na mteja anamtafuta yeye. Jambo hili ni kubwa na zuri, na sitaki jiko lenu hata moja lifungwe kwa kitu ambacho mtu angeweza kukuelezeni mkiwa mmekaa mkekani. Basi kaeni, nawaeleza.

Tuanze na lile mnaloliogopa, yaani karatasi. Unakwenda kwa sheha wako wa mtaa, anayekujua tangu ulipokuwa ukikimbia peku, anakuandikia barua. Unakwenda kupimwa afya, wewe na kila anayekushikia mwiko, hata yule dada yako anayekuja Ijumaa moja moja kukunja sambusa. Choo chako kitapimwa, na usione haya, kwa sababu wale wanaopima wameshaviona vikopo vingi kuliko vikombe vya chai. Kisha unaomba jiko likaguliwe, na likipita unachukua leseni ya biashara. Ukitaka kuvifunga vitu kwenye pakiti na kuvipeleka madukani, hapo kuna usajili wa bidhaa na lebo yake: vilivyomo ndani, lini kimetengenezwa, mwisho wake lini, kimetoka kwa nani. Ada na taratibu hubadilika, kwa hiyo usimsikilize jirani, na mimi mzee usinisikilize katika hilo. Nenda ofisini ukaulize mwenyewe. Nimewaona watu wakijificha mwaka mzima kumkimbia afisa ambaye kazi yake ilikuwa ni kuwaelekeza.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Haji, mtu wa Makunduchi, mrefu mpaka ilimbidi ainame kwenye kila mlango wa jiko. Siku yangu ya kwanza niliingia kwa watu mbio mbio, nikaliendea sufuria kubwa nikalifunua. Mzee Haji akanivuta ukosi wa buibui polepole.

"Mwanangu, hilo sufuria lishajua kama tunakuja. Lishasuguliwa tangu jana. Tazama kitambaa."

Nikatazama. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia msumarini, na kilikuwa na historia ndefu kuliko nyumba. Ndicho kilichofuta kisu cha kuku, meza, jasho, na pua ya mtoto, kisha kikafuta sahani za wateja zipate kung'ara. Tangu siku hiyo nikiingia jikoni salamu kwanza, kitambaa pili, sufuria mwisho kabisa. Nanyi kuweni na vitambaa vingi, kila kimoja na kazi yake, vichemshwe, vianikwe juani vikauke kweli. Vyombo navyo viacheni vikauke kwa hewa. Sahani haijafa kwa kuachwa peke yake.

Mzee Haji alikuwa hatishi watu. Kuna bibi mmoja wa Mji Mkongwe, ghorofani, alikuwa akioka vileja vya samli vinavyoyeyuka mdomoni. Jiko lake lilikuwa safi mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumsifu. Nilipofungua kabati la trei, akatoka paka, mweupe masharubuni kwa unga, akajinyoosha, akatupita kama mwenye nyumba.

"Huyo si wa mtaani," bibi akawahi kusema. "Huyo wa ndani, anaoga."

Mzee Haji akavua kofia. "Bi mkubwa, sote tumo humu kwa sheria. Yeye naye kapimwa afya?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ile ile akamwita fundi, akatia mlango wa wavu jikoni, na paka akahamia barazani anakostahili. Nilijifunza kuwa mtu ukimchekesha anakumbuka, na ukimfokea anakumbuka sura yako tu. Nimejaribu kumfuata Mzee Haji katika hilo, ingawa moto wangu u karibu zaidi na nimefokea watu wengi kwa sababu ya mifuniko.

Lakini kisa ninachotaka mkishike kwa mikono miwili ni cha Bi Zuwena wa mtaa wa Amani.

Bi Zuwena alikuwa akiuza urojo na katlesi nyumbani kwake, na chatne ya nazi ambayo watu walikuwa wakiifuata kutoka mitaa ya mbali. Upishi ule wa chatne aliupata kwa mama mkwe wake, Bibi Mize, aliyekuwa mpishi wa shughuli na jina lake likijulikana Ng'ambo nzima. Kisha Bibi Mize akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala, na maneno yakawa yanatoka yamefungana, mpaka watu wakaacha kumwuliza kitu. Mume wa Zuwena alikuwa na kazi Pemba. Kwa hiyo Zuwena ndiye aliyemlisha mkwewe, akamgeuza, akamwogesha, na hakuweza kumwacha peke yake hata kwenda sokoni asubuhi. Kazi yoyote ambayo angeifanya ilibidi ifanyike ndani ya kuta zile.

Ikaja bahati. Hoteli moja ya Uroa ilitaka futari ya wafanyakazi wake mwezi mzima wa Ramadhani, na kuna mmoja wao aliyewahi kuila chatne ya Bi Zuwena akawasimulia wenzake mate yakiwatoka. Gari lingekuja kuchukua chakula kila alasiri. Hoteli ikasema wazi kuwa bila kibali cha jiko hakuna kazi, na siku ya kwanza gari lisipokabidhiwa kibali pamoja na chakula, watatafuta mpishi mwingine.

Nilikwenda kumkagua mwezi wa Shaaban. Kitambaa safi, maji yamechemshwa, ndoo ya taka ina mfuniko, cheti cha kupimwa kiko tayari. Na yeye mwenyewe nilipenda anavyopika, kwani alikuwa akionja kila hatua, anaonja urojo, anaonja mbatata, anaonja chatne, anakunja uso, anaongeza chumvi. Nilitoka pale nina raha. Lakini nilikuwa na kawaida yangu ya kutosaini mpaka nilione jiko katika siku ya kazi yenyewe. Nikamwambia nitakuja siku ya kwanza ya mfungo, kabla ya gari, na nikiridhika nitasaini hapo hapo mezani.

Siku ile nikafika baada ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa inanukia udi kutoka mlangoni.

"Shikamoo, Bi Afya. Karibu, Ramadhani karim."

"Marahaba, mwanangu. Saumu vipi?"

"Alhamdulillahi. Ulimi umekuwa kama ubao, lakini twende."

Urojo ulikuwa unatokota. Katlesi zimepangwa, zinasubiri kukaangwa. Friji imejaa mpaka mlango unagoma. Na mezani, chini ya kawa mpya yenye nakshi nyekundu, limekaa beseni la chatne, jeupe na majani ya kotmiri juu yake, linapendeza kutazama.

Hapa niwaambie jambo langu. Mimi nina sukari, na daktari alishanikataza kufunga. Kula mchana wa Ramadhani kulikuwa kunanitia haya, nilikuwa najificha stoo ya ofisi na kipande changu cha mkate. Lakini kazini nilikuwa na ulimi ulio huru. Nikaomba kijiko, nikaonja.

Ukali wa ndimu, wanangu, unakuchoma mbele ya ulimi kisha unaondoka zake. Ukali wa kuchacha unakuja nyuma, unakaa, unatekenya. Huu ulikaa. Nikainamia beseni na kuona vipovu vidogo vimezunguka ukingoni.

"Bi Zuwena, nazi hii umeikuna saa ngapi?"

"Baada ya daku. Nlikuwa nshakula, nna nguvu. Mchana na saumu, mikono hainyanyuki juu ya mbuzi wa kukunia."

"Tangu daku iko hapa mezani?"

"Nkiitia kwenye friji mafuta yanaganda, inakuwa kama mshumaa. Na friji yenyewe unaiona. Nmeifunika vizuri lakini."

"Umeionja?"

Akanitazama kama nimemwambia anywe maji katikati ya barabara. "Nnafunga, Bi Afya."

"Mashekhe wanasema mpishi akigusa kwa ncha ya ulimi akatema, saumu yake iko salama."

"Wanasema. Mie siwezi. Nkionja ntameza, nnajijua. Lakini nmeinusa, haina kitu."

Ameinusa na nyumba nzima imejaa udi. Nikamwambia imechacha. Akatikisa kichwa, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Chatne yangu siku zote kali, Bi Afya. Ndo watu wanaifuata. Hiyo embe mbichi na ndimu."

Mmeona neno letu lilivyotuponza? Kwetu pilipili ni kali, ndimu ni kali, na maziwa yakiharibika tunasema yamekuwa makali. Neno moja limebeba mizigo mitatu, na mzigo mmoja kati ya hiyo unalaza watu hospitali. Mpishi wa kitu kitamu angegundua mara moja. Mpishi wa kitu kikali anaweza kupita karibu na kuchacha akasalimiana nako. Na mwezi ambao kazi inafanywa usiku, chakula kinaliwa magharibi, na hakuna anayeonja katikati, ndio mwezi ambao tunauza chakula kingi kuliko yote.

Kabla sijasema hayo tukasikia kugonga. Bibi Mize, chumba cha pili, alikuwa akigonga ubao wa kitanda kwa ule mkono wake mzima.

"Leo kanitia wasiwasi," Zuwena akasema. "Nlimpa mkate na chatne adhuhuri, akautema. Nkampa tena, akanisukuma mkono. Hajawahi kukataa chatne yake. Nlidhani maradhi yamezidi."

Tukatazamana.

"Haumwi huyu," nikasema. "Huyu kakagua kabla yangu."

Zuwena akaliangalia lile beseni, machozi yakamlengalenga. Sikumzunguka. Nilimwambia kuwa watu wa Uroa wameshinda na matumbo matupu, na tonge lao la kwanza haliwezi kuwa hili. Na kwa beseni hili kalamu yangu haitoki mfukoni. Akaniuliza, nikimwaga ntapeleka nini, wao wameitaka kazi hii kwa sababu ya chatne. Nikamwambia saa bado zipo. Akasimama kidogo, kisha akalichukua beseni mwenyewe, akatoka nalo uani, akalimwaga lote. Mtu anayeweza kumwaga, wanangu, huyo ni mpishi wa biashara.

Basi hapo nyumba ikawaka. Jirani akaleta nazi mpya na mbuzi wake. Zuwena akakaa juu ya wa kwake, na mimi, afisa wa afya mwenye kitambulisho kifuani, nikanawa mpaka kwenye viwiko nikakaa juu ya ule mwingine. Sheria haisemi popote kuwa mkaguzi haruhusiwi kukuna nazi. Tulikuna kila mmoja akimkimbiza mwenzake, juu ya mabakuli yaliyokalishwa ndani ya barafu. Tukasaga kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo, mashine isije ikaipasha nazi moto. Chatne ikaingia palepale ndani ya deli, lile sanduku la barafu, na kuganda kwake tukakumaliza kwa kuisaga nyembamba. Haikuwa mshumaa, ilikuwa kama maziwa ya mgando. Urojo ukachemshwa upya, ukamiminwa unatokota kwenye chupa kubwa za kuhifadhi moto. Katlesi zikaenda mbichi, kwenye baridi, wakazikaange wenyewe kule.

Shikeni hilo kwanza: cha moto kiende kikiwa moto kweli, cha baridi kiende kikiwa baridi kweli, na nazi ikunwe mwisho, gari likiwa karibu, si daku. Saa na joto ndio walinzi wa mlangoni. Ulimi ni mlinzi wa mwisho, na wakati mwingine analala, kwa sababu vipo vijidudu visivyobadilisha ladha hata chembe. Ukiwa na ulimi bila saa unabahatisha. Lakini ukiwa na saa bila ulimi unauza chakula usichokijua, na mteja atakukimbia kwa sababu nyingine.

Na ulimi ndio uliotukwamisha. Gari la Uroa lilifika, dereva wake akiitwa Makame, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Hodi wenyewe. Mama, njia ya Uroa ndefu, na magharibi haimngoji mtu."

"Naam, twaja," Zuwena akamjibu, lakini hakutoka. Akanigeukia. "Bi Afya, onja."

Nikaonja. Haikuwa na kosa lolote ninalolijua mimi, baridi, mpya, safi. "Hii ni salama," nikamwambia. "Kama ni chatne yenu, hilo silijui. Mimi nimezoea ya kwetu."

Alisimama katikati ya jiko, midomo imekauka. Hakuthubutu kuitoa kwa jina la mkwewe bila kujua ina nini. Ikirudi Uroa na sifa mbaya siku ya kwanza, kazi imekwisha, na kazi nyingine ya kufanyia ndani ya nyumba ile haikuwepo. Kisha nikauona uso wake unabadilika. Akachota kijiko kimoja, akaenda chumbani, mimi nikamfuata, na Makame akanyoosha shingo kutoka ukumbini.

Bibi Mize alikuwa macho. Mgonjwa, mtu mzima, saumu si juu yake. Zuwena akamwinua kichwa kwa mkono mmoja, akamtia kile kijiko polepole.

"Mama, yako hii. Niambie."

Bibi Mize akafunga macho. Akaizungusha mdomoni muda mrefu, na nawaambia kweli, nimekaa mbele ya wakubwa wengi nikingoja uamuzi lakini sijawahi kungoja vile. Akimtemea, muda wa kukuna tena haukuwepo. Makame aliacha kuzichezea funguo. Koo la bibi likapanda na kushuka. Amemeza.

Akafumbua macho, akamtafuta mkwewe kwa macho mpaka akampata, akasema neno ambalo hata Makame alilisikia kule ukumbini.

"Ndimu."

Zuwena alicheka na kulia kwa pamoja, akakimbilia jikoni, nikasikia kisu kikigonga ubao. Akakamua, akakoroga, akarudi na bakuli. Bibi Mize akafungua kinywa kabla hajaombwa, kama mtu aliyerudi kazini kwake. Kile kijiko cha mwanzo kilikuwa bado kimelala juu ya meza ya dawa, karibu na mkono wa Zuwena, na gari lilikuwa linanguruma nje. Nikakodoa macho nione kama atakichovya tena bakulini. Zuwena akakiangalia, akakisukuma kando, akarudi mbio jikoni kuchukua kijiko kingine.

Hapo hapo, juu ya kitanda cha Bibi Mize, nikatoa kalamu nikasaini.